Fedha za Serikali na Kazi za Vijana Butembo na Beni: Zinapitia Wapi, na Makanisa Yaulize Nini

Swali moja hurudi kila mara katika mikutano ya makanisa yetu, iwe ni Kyondo, Oicha, Mutwanga au katikati ya mji: serikali inasema imetoa pesa kwa ajili ya maendeleo, mbona vijana wetu bado wanakaa pembeni ya barabara wakingoja kazi? Wengine hujibu kwamba pesa ililiwa. Wengine husema haikutoka Kinshasa kabisa. Mara nyingi hatujui ilipaswa kupitia njia gani, na mtu asiyejua njia hawezi kusema mzigo ulipotelea wapi.

Makala hii inaeleza njia hizo kwa ajili ya wachungaji, mashemasi, viongozi wa akina mama na wa vijana, na kila mshiriki anayeulizwa na jirani yake. Tunaonyesha fedha ya umma inavyoweza kufika Butembo na Beni, kazi za aina gani inaweza kuzaa, na maswali gani kanisa linaweza kuuliza bila kuwa chama cha siasa.

Miji iliyojijenga

Butembo ilianza katika miaka ya 1920 kama kambi ya kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs. Haikuwahi kuwa makao makuu ya jimbo. Ilikua kwa biashara. Kahawa, dhahabu na mbao zilitoka, na nguo, mabati, pikipiki na vipuri vikaingia kutoka Kampala, Nairobi, Dubai na baadaye Guangzhou. Serikali ilipolegea wakati wa Mobutu, wafanyabiashara na makanisa walishika kazi ambazo kwingine hufanywa na serikali. Walichangia matengenezo ya barabara, wakaunda shirika la umeme la SENOKI, na mwaka 1989 Kanisa Katoliki likafungua Université Catholique du Graben. Makanisa ya Kiprotestanti nayo yalijenga shule na vituo vya afya hadi kwenye vilima vya mbali.

Beni iko kilomita 54 kaskazini mwa Butembo. Ni mji wa kakao na mbao, na ni njia panda: upande wa mashariki unakwenda Kasindi na Uganda, upande wa kaskazini unakwenda Oicha na Ituri.

Tunajivunia historia hii, na ni haki. Lakini ina upande wa pili. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, wafanyabiashara wakubwa wa Butembo waliulipa utawala wa RCD-K/ML ushuru kabla mizigo haijafika, nao wakapata punguzo mpakani. Mji ulipata utulivu kiasi fulani. Hata hivyo, desturi mbaya ilibaki: kodi ikaonekana kuwa mapatano kati ya wachache na wenye bunduki, wala si fedha ya wote inayohesabiwa mbele ya wote. Mpaka leo watu wengi hulipa kwenye kila kizuizi cha barabarani na hawaulizi risiti, kwa sababu hawatazamii kwamba kitu kitarudi.

Mambo yaliyobomoa

Mauaji ya raia katika eneo la Beni yalianza Oktoba 2014. Tangu hapo, familia nyingi zimeacha mashamba ya kakao na kahawa zilizoyapanda kwa miaka mingi. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Mangina. Ulipomalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 3.470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wameugua na 2.287 walikuwa wamefariki, wengi wao Beni, Butembo na Katwa. Katikati ya ugonjwa huo, tarehe 26 Desemba 2018, Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, wakati rais mpya aliapishwa Januari. Wananchi wetu hawakumchagua rais. Jeraha hilo lilifanya watu wasiamini neno lolote linalotoka kwa "Leta", kama wazee wanavyoiita serikali.

Mei 2021 hali ya dharura ya kijeshi ilianza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Bunge la jimbo lilisimamishwa, gavana akawa mwanajeshi, na mameya wa Butembo na Beni wakawa maofisa wa polisi. Baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni. Wahamishwa wa vita kutoka Rutshuru na kusini mwa Lubero walikuwa tayari wamejaa katika familia zetu.

Kwa hiyo miji hii miwili imebeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Ni mahali ambapo serikali ya jimbo inafanyia kazi, na ni mahali ambapo kijana asiye na kazi anaitwa kila siku na mtu mwenye bunduki anayemwahidi chakula, jina na heshima. Hii ndiyo sababu suala la kazi si suala la uchumi tu kwetu. Wazazi wanalizungumzia wanapozika watoto wao.

Njia ya kwanza: mishahara

Pesa nyingi za serikali zinazoingia katika miji yetu kila mwezi hazina bango wala sherehe. Ni mishahara ya walimu, wauguzi, askari na watumishi wa ofisi. Hapa makanisa yanahusika moja kwa moja. Tangu mkataba wa Februari 1977, shule zinazosimamiwa na makanisa ni shule za serikali zilizo chini ya usimamizi wa kanisa: serikali inapaswa kuwalipa walimu, kanisa linaongoza. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoandikwa katika Katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Watoto walijaa madarasani. Lakini walimu wengi walibaki katika orodha ya "wasiolipwa", au walioajiriwa upya wakangoja miaka kabla ya jina lao kuingia katika malipo.

Mwalimu anapolipwa kwa wakati, ananunua maharage ya mama wa sokoni, analipa fundi cherehani, anaweka akiba katika koopeki. Asipolipwa, hao wote wanakosa. Kusahihisha orodha ya walimu wa shule zetu ni kazi ya maendeleo, na imo mikononi mwa ofisi za kanisa zenyewe. Jina la mwalimu hewa likiachwa katika orodha, mwalimu wa kweli anayefundisha watoto mia moja anabaki nje.

Njia ya pili: sehemu ya jimbo na ya mji

Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na kwamba sehemu hiyo inakatwa palepale yanapokusanywa. Sheria ya fedha ya Julai 2011 inaongeza kwamba asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo inakwenda kwa vyombo vya chini: miji, komini, sekta na usultani. Tuhesabu kwa mfano mdogo. Kati ya franka 100 za mapato ya taifa yanayotoka Kivu ya Kaskazini, franka 40 zingebaki katika jimbo, na kati ya hizo franka 16 zingefika mijini, kwenye komini na vijijini.

Katika utekelezaji haijawa hivyo. Pesa hupanda Kinshasa kwanza, kisha sehemu yake hurudishwa, ikiwa ndogo na ikiwa imechelewa. Mji kama Butembo, wenye komini nne za Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, huishi zaidi kwa ushuru wa soko, wa maegesho na wa vibanda, yaani kwa senti za wenye mapato madogo. Ndiyo maana mama anayeuza ndizi analipa kila asubuhi, lakini mtaro ulio mbele ya meza yake hauchimbwi.

Katiba pia iliweka mfuko wa kusawazisha majimbo, unaopaswa kupata asilimia 10 ya mapato ya taifa kwa ajili ya uwekezaji, ili majimbo yaliyo nyuma yasaidiwe. Mbunge anayekuja kutusalimia kanisani anaweza kuulizwa swali hili kwa upole: katika bajeti ya mwaka huu, ni kitu gani cha uwekezaji kimeandikwa kwa jina la Butembo, la Beni au la Lubero, na ni kiasi gani kimelipwa?

Njia ya tatu: programu ya wilaya 145

Programu hii, inayojulikana kwa herufi PDL-145T, iliahidi zaidi ya dola bilioni 1,6 kwa wilaya zote 145 za nchi. Awamu yake ya kwanza ilipanga shule 1.210, vituo vya afya 788 na majengo 145 ya utawala, pamoja na barabara za vijijini. Utekelezaji uligawanywa kati ya PNUD na ofisi mbili za serikali, BCECO na CFEF.

Kuna jambo moja ambalo washiriki wengi hawalijui. Wilaya, yaani teritwari, si mji. Wilaya ya Beni ina makao yake Oicha. Mji wa Beni ni kitu kingine kisheria. Vivyo hivyo, mji wa Butembo umezungukwa na wilaya ya Lubero lakini haumo ndani ya utawala wake. Programu iliyoandikwa kwa wilaya hujenga vijijini, na hilo ni jema, kwa sababu kijiji kilichosahauliwa ndicho kinachotuma vijana wake mjini bila kazi. Lakini tukiuliza Butembo "shule yetu ya programu iko wapi?", tunaweza kuwa tunagonga mlango usio wetu. Milango ya mji ni mingine: kwa barabara za ndani ni ofisi ya barabara za miji na mifereji, OVD, kwa barabara kuu ni Ofisi ya Barabara, na kwa matengenezo ni mfuko wa FONER, unaokusanya ushuru wa mafuta na peaji.

Njia ya nne: barabara ya Kasindi, Beni na Butembo

Mradi mkubwa kuliko yote kwetu ni wa barabara uliozinduliwa na marais wa Congo na Uganda mpakani mnamo Juni 2021. Una jumla ya kilomita 223: Kasindi hadi Beni kilomita 80, Beni hadi Butembo kilomita 54, na Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru kilomita 89. Uganda ilikubali kuchangia asilimia 20 ya gharama, na kampuni ya Dott Services ilipewa kazi. Sehemu kubwa ya gharama inategemewa kurudishwa kwa malipo ya barabara.

Faida yake haihitaji maelezo mengi kwa mtu aliyewahi kukwama siku tatu kwenye matope na gunia za kakao. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na bila barabara uanachama huo ni karatasi tu. Lori likipita kwa saa tatu badala ya siku mbili, bei ya saruji inashuka Butembo na bei ya kahawa inapanda Kyondo.

Hata hivyo, kazi imekwenda kwa mwendo wa vita. Ilianza pamoja na operesheni ya pamoja ya majeshi ya Congo na Uganda, iliyofunguliwa tarehe 30 Novemba 2021, na mashine zililindwa na askari. Kasindi yenyewe ililia tarehe 15 Januari 2023, bomu lilipolipuka kanisani wakati wa ibada. Barabara haiwezi kutenganishwa na usalama wa wale wanaoishi kandokando yake.

Upande wa ajira, barabara ina maswali matatu. La kwanza ni nani anashika beleshi. Mashine hufanya sehemu kubwa, lakini mitaro, kuta za mawe, upandaji wa nyasi na ulinzi wa vifaa ni kazi za watu wa mahali. La pili ni nani anapata mikataba midogo. Sheria namba 17/001 ya Februari 2017 inahifadhi kazi za mikataba midogo kwa makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Fundi wa Beni mwenye kampuni iliyoandikishwa ana haki ya kuomba. La tatu ni peaji. Kama gharama itarudishwa na wanaopita, basi mkulima anayepeleka gunia mbili kwa pikipiki hapaswi kubebeshwa mzigo wa mwenye malori kumi.

Njia ya tano: kazi za mikono zenye malipo

Wengi wanaikumbuka kwa jina la THIMO, yaani kazi zinazotumia mikono mingi. Badala ya kuleta mashine moja, mradi unaajiri mamia ya watu wa mtaa kusafisha mitaro, kutengeneza barabara za mashamba na kupanda miti. Huko mashariki ilikuja kwa mradi wa STEP wa Mfuko wa Jamii wa serikali, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2014, na wakati wa Ebola ilipanuliwa katika maeneo yetu.

Mambo mawili katika utaratibu wake yanafaa kukumbukwa. Kwa kuwa wanaotaka kazi ni wengi kuliko nafasi, majina yalichaguliwa kwa kura ya hadharani, watu wote wakitazama. Hivyo mtoto wa chifu na mjane aliyehamishwa walikuwa na nafasi sawa. Na sehemu ya malipo iliwekwa akiba, ili mtu akimaliza miezi yake awe na kitu cha kuanzia: nguruwe wawili, cherehani, au mtaji wa kuuza samaki.

Udhaifu wake ni kwamba kazi hizo ni fupi. Mtaro unasafishwa, malipo yanatolewa, mvua inarudi, mtaro unaziba. Mradi ukiondoka bila komini kuweka bajeti ya matengenezo, kilichobaki ni kumbukumbu. Kwa sababu hiyo, tunapofurahia kazi za miezi michache, tuulize palepale nani atashika beleshi mwaka ujao.

Njia ya sita: mafunzo, mikopo na umeme

Serikali ina INPP, chuo cha mafunzo ya kazi kilichoundwa mwaka 1964. Ina mfuko wa viwanda, FPI. Na tangu 2020 ina FOGEC, mfuko wa kudhamini wenye biashara ndogo. Ni vizuri vijana wetu wayajue majina haya. Shida ni kwamba mikopo ya namna hii mara nyingi huomba dhamana na karatasi ambazo mwenye karakana ya milango huko Mulekera hana. Hapa makanisa yenye vikundi vya akiba, yaani MUSO na AVEC, yana kitu cha thamani: daftari. Kikundi chenye daftari safi la miaka mitano kinaweza kuonyesha nani hurudisha na nani hacheleweshi. Huko Beni, Chuo Kikuu cha Kikristo cha UCBC, kilichopokea wanafunzi tangu 2007, kimeweka kazi za mikono na huduma kwa jamii ndani ya masomo yenyewe, ili msomi asione aibu kushika chombo.

Lakini mafunzo bila umeme hayaendi mbali. Seremala anayetumia jenereta hulipa mafuta kabla ya kulipa kijana wa kumsaidia. Kule Mutwanga, kituo cha umeme wa maji kilichojengwa kwa ushirikiano wa Hifadhi ya Virunga, ambayo ni mali ya serikali, kilifuatiwa na kiwanda cha sabuni na kiwanda cha chokoleti kinachotumia kakao ya mahali. Kituo cha Luviro huko Lubero kilijengwa kwa mawazo hayohayo. Hapo tunaona mpangilio unaofaa: kwanza umeme, kisha mashine, kisha ajira isiyoisha mradi unapofungwa. Kakao inayotoka Beni ikiwa mbichi inaacha bei ya mkulima tu. Ikitoka imesindikwa inaacha pia mishahara.

Funzo kutoka kwa jirani

Tusitazame mbali. Kaskazini mwa Uganda, karibu na Gulu, watu waliishi kambini kwa miaka mingi kwa sababu ya vita vya LRA. Serikali ya Uganda ilianzisha mfuko wa jamii, NUSAF, mwaka 2003, kisha mpango wa kujenga upya, PRDP, mwaka 2007. Ndani ya NUSAF, vikundi vya vijana viliandika wenyewe mpango wa kujifunza ufundi na kununua vyombo. Vile vilivyochaguliwa vilipewa fedha, kiasi cha dola 380 hivi kwa kila kijana. Watafiti waliwafuata. Baada ya miaka minne, mapato ya waliopata yalikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko ya wale ambao hawakupata. Baada ya miaka tisa, tofauti hiyo ya mapato ilikuwa imefutika, kwa kuwa wale wengine nao walikuwa wamepata njia.

Tunajifunza mambo mawili. Fedha inayokabidhiwa kwa kikundi chenye mpango huharakisha, wala haipotei bure kama wengi wanavyodhani. Lakini msukumo wa mara moja haubadilishi mji milele. Unahitaji barabara, soko na usalama nyuma yake.

Kuna funzo la tatu, chungu. Mwaka 2012 mkaguzi mkuu wa Uganda aligundua kwamba mabilioni ya shilingi ya mpango huo huo wa kaskazini yalikuwa yameelekezwa kwingine katika ofisi ya waziri mkuu. Ireland na nchi nyingine zilisimamisha misaada. Wizi ulifanyika mjini Kampala, na walioumia ni waliotoka kambini. Ulijulikana kwa sababu mkaguzi alikuwepo na ripoti yake ilisomwa. Kwetu, ambapo bunge la jimbo lilisimamishwa, jicho hilo limepungua, na pengo hilo halijazwi na malalamiko ya barabarani.

Salongo haifuti deni

Tunafika kwenye jambo ambalo tunataka makanisa yetu yalishike. Kwa kuwa tumezoea kujijengea, tumeanza kuona kuwa ni fahari kutoomba chochote kwa serikali. Kijana akisema "Leta ilipe", mzee humjibu "Leta haijawahi kutujengea, chukua jembe." Mzee ana haki kwa upande mmoja. Lakini salongo ya Jumamosi na kodi ya kila siku ni vitu viwili. Mtu akifanya salongo amefanya wema. Mtu akilipa ushuru amefanya mkataba, na mwenye kupokea ana deni. Wema wa kwanza haufuti deni la pili.

Nehemia anatuonyesha yote mawili. Kabla ya kwenda Yerusalemu, alimwomba mfalme barua za njia na mbao za malango. Hakuona aibu kuomba mali ya serikali kwa kazi ya watu wote. Alipofika, kila familia ilijenga sehemu iliyo mbele ya nyumba yake. Na watu walipolia kwamba wameweka rehani mashamba yao ili walipe kodi ya mfalme, aliwakemea wakubwa hadharani, naye mwenyewe akaacha kula posho ya liwali kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Mbao za mfalme, mikono ya watu, na kiongozi anayehesabu mbele ya wote: kukikosekana kimoja, ukuta hausimami.

Maswali ambayo kanisa linaweza kuuliza

Mradi wowote wa serikali ukitangazwa katika mtaa au kijiji chenu, kamati ya kanisa inaweza kuuliza haya bila matusi na bila woga:

1. Fedha hii inatoka katika njia ipi: bajeti ya taifa, ya jimbo, ya mji, au mkopo wa nje? Nani amesaini?

2. Kiasi ni gani, na bango lenye kiasi hicho, jina la mkandarasi na tarehe ya kumaliza limesimikwa wapi?

3. Watu wangapi wa hapa wataajiriwa, kwa siku ngapi, na kwa malipo gani? Wanawake na wahamishwa wa vita wana nafasi ngapi?

4. Majina yatachaguliwa vipi? Tunaomba iwe kwa kura ya hadharani, si kwa kikaratasi cha mtu mkubwa.

5. Malipo yatatolewa siku gani, na kwa njia gani? Kijana anayecheleweshewa malipo miezi mitatu hujifunza kwamba kazi halali ni mtego.

6. Mradi ukiisha, nani atatunza, na fedha ya kutunza imeandikwa wapi?

Andikeni majibu katika daftari la kanisa, pamoja na tarehe na jina la aliyejibu. Baada ya miezi sita, fungueni daftari lile tena mbele ya washiriki. Pale ambapo makanisa manne au matano ya mtaa mmoja yanaandika pamoja, bila kujali jumuiya, hesabu inakuwa ngumu kufichwa. Shirikianeni pia na ndugu Wakatoliki na Waislamu na shirika la raia, kwa sababu mtaro hauulizi dhehebu.

Na upande wetu tuwe safi. Kanisa linaloomba hesabu ya komini lisome hesabu yake lenyewe kila robo mwaka. Shule yetu isiwe na mwalimu hewa. Kama mradi umeleta saruji ya zahanati, isijenge uzio wa nyumba ya mchungaji.

Vijana wa Butembo na Beni si wavivu. Kila aliyewaona wakisukuma chukudu lenye gunia nne za makaa mlimani anajua. Wanachohitaji ni kuona kwamba jasho la halali linalipwa siku iliyoahidiwa. Mwaka huu, kila kanisa lichague mradi mmoja tu wa serikali ulio karibu nalo, iwe ni barabara, darasa, soko au mtaro, na lifungue daftari hilo.